Shaka juu ya makala si hukumu juu ya mtu

Fomu zilikuwa 42 na zote zilijazwa chini ya mwembe mmoja karibu na Msabaha, mwendo mfupi kutoka Malindi mjini. Tulikuwa wakusanyaji data saba, tunalipwa posho ya siku, tunapita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za vyandarua: kaya ina vingapi, nani alilala ndani ya kipi usiku uliopita, kitinda mimba aliugua homa lini. Ilikuwa Februari, jua linachoma, na mwenye bodaboda alitaka nyongeza ndipo atufikishe vitongoji vya ndani. Wenzetu wawili wakaona majibu ya watu wale wanayajua tayari. Wakakaa kivulini, wakatoa kalamu za wino tofauti, wakajaza fomu za siku mbili kwa alasiri moja.

Aliyegundua ni mwenzetu mwingine, kijana wa Mambrui aliyepewa kazi ya kupanga fomu jioni. Hakuwaona chini ya mwembe. Aliona umri wa wazee. Ukimwuliza nyanya wa huko ndani alizaliwa mwaka gani, atakwambia alikuwa msichana wa kuteka maji mwaka wa njaa fulani, au alikuwa amekwisha kuolewa Uhuru ulipoingia. Mtakadiria naye, mtafika 60, au 65, au 70. Ndiyo maana katika fomu za kweli umri wa wazee hujazana kwenye 0 na 5. Katika zile 42 wazee walikuwa na miaka 61, 67, 58, 73, kila mmoja na tarakimu yake, kana kwamba wote wana vyeti vya kuzaliwa sandukuni.

Kijana akamweleza msimamizi. Msimamizi akasema, "Nimekusikia, tutaliangalia." Fomu zikaingizwa kwenye kompyuta pamoja na nyingine. Awamu iliyofuata yule kijana hakuitwa. Mimi niliitwa na nikaenda, kwa sababu nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa na nilikuwa sijasema kitu. Baadaye makala ilitoka katika jarida la nje, asilimia zake zimeandikwa hadi desimali ya pili.

Nimeyabeba hayo muda mrefu. Na kila ninaposoma jinsi majarida ya kitaaluma yanavyoshughulikia tuhuma za udanganyifu, naliona kosa la msimamizi wetu likirudiwa na watu wenye vyeo vikubwa kuliko chake. Hakuwa na haja ya kuamua siku ile nani mwongo. Alikuwa na kazi moja nyepesi: kuziweka kando zile fomu na kuandika juu yake kwamba zina shaka. Badala yake alichanganya maswali mawili. La kwanza ni kama data hizi zinaaminika. La pili ni kama mtu huyu amedanganya. La pili ni zito, lina haki ya mtu ndani yake, lataka ushahidi, utetezi na muda. La kwanza mara nyingi hujibiwa kwa kuitazama karatasi yenyewe. Ukilifunga la kwanza kwenye mkia wa la pili, karatasi mbovu itatembea miaka na miaka huku kesi ya mtu ikisubiri.

Mwaka wa 2000 madaktari watatu wa Ujerumani waliliandikia barua jarida la Anesthesia & Analgesia kuhusu Yoshitaka Fujii, daktari wa ganzi wa Japani. Fujii alikuwa akitoa makala mfululizo kuhusu granisetron, dawa ya kuzuia kutapika baada ya upasuaji. Wale madaktari walitazama madhara madogo aliyoyaripoti, hasa maumivu ya kichwa, wakaona idadi ya walioumwa inajirudia ile ile kundi hadi kundi, makala hadi makala. Wagonjwa halisi hawaumwi kichwa kwa mpangilio. Jarida likaichapisha barua, likachapisha na jibu la Fujii lisilojibu kitu, yakaishia hapo. Akaendelea kuandika kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka wa 2012 John Carlisle, daktari wa ganzi wa Uingereza, aliyapima kwa hesabu majaribio 168 ya Fujii: umri wa wagonjwa, uzito, urefu, vitu ambavyo wagonjwa wakigawanywa makundi kwa bahati lazima vitofautiane kidogo hapa na pale. Makundi ya Fujii yalifanana kuliko bahati inavyoweza kufananisha. Mwaka huo huo chama cha wataalamu wa ganzi wa Japani kilizipitia makala zake 212, kikakuta 172 zina data za kubuni.

Carlisle alisoma alichokisoma yule kijana wa Mambrui, kwa hesabu kubwa zaidi. Unadhifu uliopita kiasi ndio uliowaumbua wote wawili, Fujii na wenzetu wa chini ya mwembe.

Kati ya ile barua na uchunguzi ule kuna miaka 12. Katika miaka hiyo wataalamu wanaojumlisha matokeo ya majaribio mengi ili kuwashauri madaktari walizijumlisha na namba zake. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha mwaka wa 2000 kwamba Fujii ni mwongo. Ingetosha jarida kuweka juu ya makala zile maneno machache yanayosomwa na kila anayezifungua: idadi hizi zimetiliwa shaka, sababu ni hii, mwandishi ameombwa data ghafi, na tarehe ya maombi ni hii. Angeitoa data na ikasimama, ilani ingeondolewa kwa heshima. Asingeitoa, msomaji angejua la kufanya.

Kanuni zenyewe zipo. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 1997 na wahariri wa majarida ya tiba, imeandika wazi kwamba makala hubatilishwa ili kusahihisha maandiko na kumtahadharisha msomaji, na kwamba lengo si kumwadhibu mwandishi. Matokeo yasiyoaminika yafaa kubatilishwa, kosa liwe la makusudi au la bahati mbaya. Na uchunguzi ukionekana utachukua muda, mhariri ana ruhusa ya kutoa ilani ya tahadhari kabla haujaisha. Sina ugomvi na maneno hayo hata moja. Ugomvi wangu ni na yanayotendeka. Mhariri humwandikia mwandishi, mwandishi hujibu nusu au hajibu. Mhariri hukiandikia chuo. Chuo huunda kamati, na kamati hukutana wajumbe wakipatikana. Barua zote hizo ni siri. Makala iko pale pale, haina hata doa, inapakuliwa na mwanafunzi wa uuguzi aliyepewa kazi ya nyumbani.

Hicho chuo ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Kesi ya nyani ukimpelekea ngedere, hupati haki. Chuo kimepokea ruzuku kwa jina la mtafiti wake, kimeiweka picha yake ukutani, kimewavutia wanafunzi kwa sifa zake, kisha siku ya siku kinaambiwa kimkague.

Karolinska ya Sweden ndicho chuo ambacho maprofesa wake huchagua washindi wa Nobel ya tiba. Mwaka wa 2010 kilimwajiri daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini, na mwaka uliofuata akampandikizia mgonjwa bomba la pumzi la plastiki. Mgonjwa huyo wa kwanza alikuwa mwana wa Afrika kama sisi, Mwaeritrea aliyekuwa akisoma Iceland. Mwaka huo huo wa 2011 jarida la Lancet likatangaza mafanikio. Mwaka wa 2014 madaktari wanne waliofanya kazi naye walilalamika rasmi, kumbukumbu za hospitali zikiwa mkononi, kwamba yaliyoandikwa siyo yaliyowapata wagonjwa. Mchunguzi aliyeletwa kutoka nje, Bengt Gerdin, akakubaliana nao mwaka wa 2015. Uongozi wa chuo ukalikataa hitimisho lake na kumsafisha Macchiarini. Ikabidi televisheni ya taifa iyaonyeshe mambo hayo hadharani Januari 2016 ndipo kiongozi wa chuo alipojiuzulu. Lancet ilibatilisha makala ile mwaka wa 2018, miaka saba baada ya kuichapisha. Wagonjwa watatu waliopandikizwa pale Karolinska wote walikuwa wamekwisha kufariki.

Na wale waliolalamika? Katika uamuzi wake wa 2018 chuo kiliwatia lawama baadhi yao pia, kwa kuwa majina yao yalikuwamo katika makala zile zile walizozifichua. Niliposoma hayo nilifunga simu nikatoka nje. Wanafunzi wangapi duniani, wakiwa na jina la tatu au la nne kwenye makala ya mwalimu wao, watakubali kufungua kinywa wakijua kwamba malipo ndiyo hayo?

Sweden angalau ilichukua hatua. Tangu Januari 2020 tuhuma nzito za udanganyifu wa kitafiti hupelekwa kwa bodi ya kitaifa iliyo nje ya vyuo.

Upande wa pili nao una uzito, na sitaki kuupita mbio. Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Imewaumiza watu wengi methali hiyo. Thereza Imanishi-Kari, mtaalamu wa kinga ya mwili mzaliwa wa Brazil, alichapisha makala mwaka wa 1986 katika jarida la Cell pamoja na wenzake, mmoja wao David Baltimore aliyekuwa tayari na Nobel. Mtafiti mdogo katika maabara ya Imanishi-Kari, Margot O'Toole, aliona kumbukumbu za daftari hazilingani na yaliyochapishwa, akasema. Suala likafika Bunge la Marekani. Wapelelezi wa serikali wakapewa madaftari wayachunguze wino na karatasi. Mwaka wa 1994 ofisi ya serikali ikamtia hatiani Imanishi-Kari, na mwaka wa 1996 jopo la rufaa likaifuta hukumu hiyo yote. Miaka kumi ya maisha ya mtu. Baltimore kwa msukosuko huo aliacha urais wa chuo cha Rockefeller, na O'Toole naye kazi yake ya sayansi ilivunjika njiani. Makala moja iliwaumiza waliotuhumiwa na aliyetuhumu, wote. Laiti swali la kwanza lingewekwa mbele mapema, yaani kama matokeo yanasimama na kama jaribio likirudiwa linatoa kitu kile kile, lingejibiwa kwa vipimo bila wapelelezi.

Kwetu sisi wa pwani, wazo la kuitilia shaka habari bila kumvunjia mtu heshima si geni. Nilipokuwa mdogo nikipelekwa Lamu kwa mjomba wakati wa likizo, nilikuwa nikikaa pembeni darsa zikisomeshwa msikiti wa Riyadha, nikisikia majina marefu ya wapokezi wa hadithi za Mtume: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Nilidhani ni mapambo. Baadaye mjomba akanieleza kwamba kila jina katika mlolongo ule limepimwa, na wapo wanazuoni waliotumia umri wao wote kuwapima wapokezi tu. Akanitajia Ibn Lahia, kadhi wa Misri wa karne ya 8. Alikuwa mkweli. Lakini vitabu vyake viliungua, na baada ya hapo akawa anasimulia kwa kukumbuka, akachanganya. Wanazuoni hawakumwita mwongo na hawakumficha. Waliandika: ni mkweli, alichanganya baada ya vitabu vyake kuungua. Kisha wakatenganisha waliomsikia kabla na waliomsikia baada.

Tazama kilichomo katika sentensi hiyo fupi. Hali ya habari imetajwa, sababu imetajwa, mpaka wa wakati umewekwa, na heshima ya mtu haikuguswa. Sijaona ilani ya jarida iliyoandikwa vizuri zaidi ya hiyo. Leo majarida mengi hubatilisha makala kwa sentensi moja isemayo imeondolewa kwa ombi la waandishi, bila kusema kwa nini. Msomaji hajui kama darubini iliharibika, kama mwanafunzi alikosea jedwali, au kama mtu alikaa chini ya mwembe. Aliyekosea kwa bahati mbaya na akajisahihisha mwenyewe anabaki na doa sawa na la aliyeghushi. Basi nani atajisahihisha?

Wanazuoni wale wale walijiuliza kama kumtaja mpokezi dhaifu ni kusengenya. Imamu Nawawi amekuhesabu miongoni mwa mambo yanayoruhusiwa, kwa sababu kunawakinga watu. Lakini Qurani nayo, katika Sura Hujurat aya ya 6, inaamuru habari ya mpotovu ichunguzwe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Amri hizo mbili zinakaa pamoja bila kugombana, maana ya kwanza inalinda watu dhidi ya habari mbovu na ya pili inalinda mtu dhidi ya maneno ya mtaani.

Wako watakaoniambia kwamba mhariri hawezi kwenda mbio, atashtakiwa, atakosea. Lakini amewahi kwenda mbio, tukamwona. Tarehe 22 Mei 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa korona, Lancet ilichapisha makala iliyosema dawa ya haidroksiklorokwini inaongeza vifo. Data ilidaiwa kutoka kwa wagonjwa 96,032 wa hospitali 671 za mabara sita, imekusanywa na kampuni moja ndogo ya Marekani iitwayo Surgisphere. Tarehe 25 Shirika la Afya Duniani likasimamisha sehemu ya majaribio yake. Tarehe 28 watafiti zaidi ya 100 wakatoa barua ya wazi. Miongoni mwa hoja zao ilikuwamo ya Afrika: kwa hesabu za makala ile, karibu robo ya wagonjwa wote wa korona barani na asilimia 40 ya vifo walikuwa katika hospitali zilizounganishwa na kampuni hiyo, zenye kumbukumbu za kielektroniki za kina kwa kila mgonjwa.

Yeyote aliyewahi kumpeleka mzazi hospitali ya serikali hapa pwani, akasimama kwenye dirisha la rekodi akingoja faili la kadibodi litafutwe kwenye rafu, angeweza kuwaambia wahariri wa London kwamba hapo pana jambo. Hakuna aliyetuuliza. Makala ilikuwa imepita kwa wahakiki, na bara zima limewekwa ndani yake kama chumvi ya kukolezea.

Hata hivyo, tazama kilichofuata. Mwanzoni mwa Juni jarida likaweka ilani ya tahadhari. Tarehe 4 Juni makala ikabatilishwa, siku 13 tu baada ya kutoka. Hakuna mahakama iliyoketi, hakuna aliyetiwa hatiani. Kampuni iliombwa data kamili ili wakaguzi huru waitazame, ikakataa, na waandishi watatu kati ya wanne wakasema hawawezi tena kuidhamini. Basi. Swali la kwanza lilijibiwa peke yake, bila kungoja la pili. Kilichoharakisha ni kwamba dunia nzima ilikuwa ikitazama na viongozi wakubwa walikuwa wameizungumzia dawa ile. Makala kuhusu vyandarua vya Msabaha haitazamwi na dunia nzima, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kuihitaji kanuni isiyotegemea kelele.

Wingi nao hauruhusu tena mwendo wa zamani. Mwaka wa 2023 makala zilizobatilishwa duniani zilipita 10,000, na zaidi ya 8,000 kati yake zilikuwa za mchapishaji mmoja, Hindawi, aliyenunuliwa na Wiley. Nyingi zilitoka kwa wafanyabiashara wanaotengeneza makala kwa mafungu na kuuza nafasi za majina. Huwezi kumfungulia kila mwandishi kesi ya miaka saba.

Nije nyumbani. Kilifi ni kaunti iliyotoa mengi kwa sayansi. Kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome kipo mjini Kilifi tangu 1989, na wazazi wa kuanzia huko hadi huku kwetu wamekubali watoto wao wachomwe sindano za majaribio ya chanjo za malaria. Mradi wetu wa vyandarua haukuwa wa kituo hicho, nisieleweke vibaya. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha ukubwa wa amana. Mama anapoinyoosha mikono ya mwanawe itolewe damu, hatii saini kwa ajili ya jarida. Anaamini kwamba kitakachoandikwa ndicho kilichotoka kwenye mkono ule. Anayebuni namba anaifuta damu ya mtoto huyo, na mhariri anayekaa na shaka miaka kumi bila kusema anamsaidia kuifuta.

Nchini Kenya leseni za utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, chini ya sheria ya mwaka wa 2013, na kamati za maadili hupitia mpango wa utafiti kabla haujaanza. Mlango wa kuingilia una askari. Nyuma, baada ya makala kutoka, anayeona kasoro huelekezwa kwa chuo au taasisi ile ile iliyoitoa. Natamani tujifunze kutoka Lamu. Septemba 2016 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Lamu. Watu wa Lamu hawakulazimika kurudi NEMA kuwaomba waliotoa leseni wajihukumu. Walikwenda kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, chombo kingine kabisa, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jopo halikumwita mtu yeyote mghushi. Lilisema tu kwamba karatasi ile haitoshi kujengea juu yake. Ikiwa mvuvi wa Lamu ana pa kwenda nje ya ofisi iliyoamua, kwa nini mkusanyaji data wa Malindi asiwe napo? Jopo dogo la kitaifa, lisilolipwa na vyuo, lenye haki ya kudai data ghafi ndani ya siku zilizotajwa, lipokee hata taarifa isiyo na jina mradi ina ushahidi, na lijibu swali la kwanza kabla ya la pili.

Upo ugumu mmoja ambao hata jopo haliwezi kuumaliza. Kosa likishapita watu wengi, kulirudisha ni kazi. Hapa Malindi wageni bado huambiwa, wakisimama karibu na nguzo ya Vasco da Gama, kwamba aliyemwongoza Mreno huyo kutoka hapa hadi India mwaka wa 1498 ni baharia mkubwa Ibn Majid. Chanzo chake ni mwandishi wa Makka wa karne ya 16, Nahrawali, na msomi Mfaransa Gabriel Ferrand ndiye aliyekieneza karne iliyopita. Waandishi wa Kireno wa zamani wanamtaja rubani wa Kigujarati, mmoja wao anamwita Malemo Cana, na katika hiyo Malemo sikio la mpwani linasikia mwalimu, jina la mwongoza chombo. Wataalamu wa safari za Bahari ya Hindi wameikataa habari ya Ibn Majid kwa miongo sasa, lakini imo vitabuni, imo midomoni, na haitoki. Hakuna aliyedanganya hapo, ni kosa tu lililonakiliwa. Ugumu ule ule wa kurudisha habari umo pia katika makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, ya mwaka wa 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji kwa kutumia watoto 12. Ilibatilishwa mwaka wa 2010. Mwaka wa 2004 wenzake kumi walikuwa wameshajitenga na hitimisho lake, na uchanjaji Uingereza ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 80. Hadi leo nimewasikia akina mama kliniki wakiulizana kuhusu chanjo hiyo, wala jina la Wakefield hawalijui. Kila mwaka wa kungoja unaipa habari mbovu midomo zaidi ya kuisemea.

Yule kijana wa Mambrui sasa si kijana. Anauza vipuri vya pikipiki mjini, dukani kwake nimefika mara kadhaa, na safari ya mwisho nilimwomba msamaha kwa kunyamaza kwangu. Alinisikiliza, akaniagizia kahawa, kisha akavuta droo ya chini ya kaunta. Lile daftari alilonakili namba za fomu 42, umri mmoja mmoja, na siku aliyomwambia msimamizi, analo bado. Makala ile iko hewani hadi leo. Hakuna mhariri, chuo wala kamati iliyowahi kumpigia simu.